Pikapu Yangu, Kebini Yenu

Ukitaka kujua una ndugu wangapi, usiandae harusi. Nunua pikapu. Harusini wanakuja wenye kadi tu, tena wengine wanakula pilau na kuyeyuka kabla foleni ya zawadi haijapangwa. Pikapu haina kadi. Tangu nianze kulaza Hilux yangu ya kebini moja pale Picha ya Ndege, ukoo wangu umepanuka kuliko miaka yote ya ndoa, na kila mwanaukoo mpya ana kitanda cha kuhamisha.

Sina ugomvi na bodi. Bodi niliinunua nikijua ni mali ya umma. Leo inabeba saruji, kesho viti vya msibani, Jumamosi maspika ya shughuli ya mwali, na ikirudi naikuta na punje za mchele ambao sikualikwa kuula. Hayo nimeshayapokea. Ugomvi wangu uko mbele, kwenye kebini, sehemu ile ndogo ambayo kwa mujibu wa kadi ya gari ni yangu, lakini mtaani wanaisoma kadi hiyo kwa miwani nyingine.

Mimi ni fundi wa pampu za visima. Nyumbani ni Kibaha, kazi nyingi ni Kisarawe: Masaki, Msanga, Maneromango, na kule ndani Mzenga unakokutana na reli ya TAZARA. Nikitoka nyumbani nateremka Barabara ya Morogoro hadi Kiluvya, nakata kulia kwenda Mpuyani. Siku nyingine nazungukia Mlandizi. Kote huko ukisahau spana hakuna duka la kukuokoa. Kuna mzee tu chini ya mkorosho atakayekuuliza kwa upole, na kurudia, kwa nini fundi mzima amesafiri bila spana. Kwa hiyo vifaa havikai nyumbani, vinakaa garini. Na kwa kuwa kifaa kinacholala kwenye bodi hulala Kibaha kikaamkia kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu, vyangu vinalala kebini.

Hebu hesabu pamoja nami. Spana za bomba, ya inchi 18 na ya inchi 24. Ringi spana kuanzia namba 8 hadi 32. Spana malaya mbili. Msumeno wa chuma, drili na betri zake, grenda, mita ya umeme, tesita, tindo, nyundo, klampu. Kamba ya kushushia pampu. Tepu nyeupe za kuzibia nyuzi za bomba. Kopo la nati ambazo hakuna hata moja inayoelewana na mwenzake. Ongeza jeki, spana ya magurudumu, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu na sanduku la huduma ya kwanza. Halafu, kama bado ipo nafasi, niongeze mimi.

Nafasi yenyewe haipo. Toyota walianza kuuza Hilux mwaka 1968. Tangu hapo wamebadilisha sura, taa, injini, hata bei wameibadilisha mpaka mtu unaogopa kuuliza. Lakini nyuma ya siti ya gari langu wameacha upenyo wa shubiri moja, ukibahatika, na jeki imeshawahi kuuchukua. Hapa kwetu Serikali imepanua barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kuwa ya njia nane. Kebini yangu haijaongezwa hata inchi.

Na hao Wajapani ndio walioifundisha dunia utaratibu wa karakana! Nimelijua hilo kupitia shemeji yangu, ambaye ni muuguzi na ana ulimi wa kushonea vidonda. Anasema mwaka 2007 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Wajapani, ilianza kuingiza hospitalini mfumo wa S tano, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa ya kuanzia. S zenyewe zimetafsiriwa zikabaki S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Yaani toa usivyohitaji, vipange vilivyobaki, vifanye visafi, weka utaratibu mmoja unaoeleweka kwa kila mtu, kisha ung'ang'anie huohuo hata kama hakuna anayekukagua. Wodini kwao, anasema, hata bandeji ina anwani. Alichungulia kebini yangu, akashika pua, akasema, "Shemeji, hii ni ajali inayosubiri dereva."

Basi nikasema sawa. Kama bandeji inaweza kuwa na anwani, spana yangu ya inchi 24 itakosaje?

Siku ya Sasambua nilitandika turubai chini ya mwarobaini nikaanza kutoa vitu. Nataka wasomaji wangu wanisikilize vizuri hapa. Nilitoa hotipoti. Nilitoa mpini wa jembe. Nilitoa kiatu kimoja cha mtoto, cha kulia, na katika nyumba yangu hakuna mtoto wa saizi hiyo. Nilitoa stendi ya maikrofoni ya kwaya, mwavuli wenye mbavu nne, madaftari ya kikundi cha kuweka na kukopa, nazi mbili zilizoanza kuota, na kadi ya mwaliko wa harusi ya watu ambao, kwa taarifa nilizonazo, wameshaachana. Vifaa vyangu vilikuwa chini kabisa, vimejikunyata.

Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Kumbe nilikuwa nimefungua mnada. Mke wangu alitoka na kusema, "Baba Watoto, hiyo hotipoti ni ya mama, usiitupe." Sikuwa nimeitupa, nilikuwa nimeiweka juu ya turubai. Jirani akauona mpini wake wa jembe, akasimama mikono kiunoni na kuutazama kwa huzuni, eti miezi yote hiyo alikuwa anamshuku mtu mwingine. Mwenyekiti wa kikundi akaja kuchukua madaftari, akaondoka bila hata kunisalimia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikopa. Mwenye kiatu hakutokea. Kiatu kiko kwangu mpaka leo, na mwenye taarifa namsihi asikinunulie mwenzake.

S ya pili, Seti, inataka ubunifu. Usiku niliingia kwenye simu kutafuta wenzangu duniani wanafanyaje. Nikamkuta jamaa wa Marekani anaonyesha pikapu yenye kebini pana kuliko chumba cha kwanza nilichopanga Manzese. Ametoa siti yote ya nyuma, ameweka droo za aluminiamu zinazoteleza kwa kidole kimoja, kila soketi imelala kwenye shimo lake, taa zinawaka zenyewe ukivuta. Mwisho akasema kazi hii mtu yeyote anaweza kuifanya mwishoni mwa wiki. Kwao siti ya nyuma ni kitu ambacho mtu anakitoa, akakiweka stoo, na hakuna shangazi anayepiga simu kuuliza. Nikazima simu nikalala nimekasirika.

Asubuhi nikaita mafundi. Fundi seremala aliipima kebini kwa futi, akagonga dashibodi kwa kifundo cha kidole akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Bosi, hapa tunapiga mninga."

"Fundi, mninga wa nini? Uzito wake tu utanimalizia springi."

"Basi MDF."

MDF! Mvua ya masika ikipenya kwenye mpira wa mlango mara moja tu, ubao ule unavimba mpaka droo haifunguki, nianze kutafuta tindo ya kufungulia droo iliyofungia tindo. Nikamshukuru. Akadai nauli.

Fundi wa kuchomelea yeye hakupima. Alisimama mbali, akafumba jicho moja. "Mzee, mbao zitaliwa na mchwa. Sisi tunasimamisha chuma cha pembe huku na huku, tunazungusha flatibaa, tunaweka geti dogo la kufuli. Hata jambazi akija na grenda atachoka."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe si unaendesha tu, mzee?"

Aliyenisaidia hakuwa fundi gari wala fundi samani. Ni mama mmoja wa Maili Moja anayeshona maturubai ya malori na mifuko ya mafundi. Nilimpelekea mchoro wangu. Katika mchoro huo, siti ya abiria ilikuwa na sanduku la plaiwudi lenye droo tatu, limefungwa kwa mkanda wa usalama. Mama alivaa miwani, akaugeuza mchoro juu chini, akaniuliza swali ambalo seremala, mchomeleaji na yule Mmarekani hawakuliuliza.

"Baba, hapa kwenye siti huwa anakaa nani?"

"Hakuna. Natembea peke yangu."

Yule mama alicheka. Alicheka akaweka sindano chini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniangalia tena, akaendelea kucheka. Alipopata pumzi akasema, "Haya. Ukiondoka hapa utanisogeza Kwa Mathias, nina mzigo wa uzi."

Hapo ndipo nilipolazimika kukubali jambo ambalo halimo kwenye video yoyote ya kupanga vifaa. Mafundi wote wa dunia wanajadili droo, wakati droo si tatizo. Tatizo ni kwamba siti ya abiria ya pikapu ya Pwani haina mwenyewe, au ina wenyewe wengi, na vifaa vyangu si miongoni mwao. Vina kazi lakini havina uraia. Bodi ni ya mizigo ya watu, kebini ni ya watu, na spana yangu inatembea humo kwa hisani, siku yoyote inaweza kuambiwa iteremke.

Mnabisha? Haya, twendeni Kisarawe. Hatujamaliza Kiluvya, bibi mmoja amenyoosha mkono. Hasimamishi gari kwa kidole, anasimamisha kwa baraka. "Mwanangu, nisogeze hapo mbele." Hapo mbele ni Mpuyani. Utamwambia bibi wa watu kwamba siti ina drili? Nilishasema hivyo. Akaniambia, "Nitaipakata," akaipakata, na akaishika drili ile kwa makini mpaka mwisho wa safari bila kuuliza ni ya nini. Anateremka, anapanda mwalimu. Anateremka mwalimu, anapanda mjomba wa mwalimu na jogoo. Mwendesha Kirikuu hasumbuki hivi. Yeye anafanya biashara, akisimama watu wanauliza bei kwanza. Mimi nikisimama wanauliza hali ya nyumbani, na mtu akishakuuliza hali ya watoto huwezi kumtajia nauli.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nami nimejaribu kuwapa abiria wangu grenda, lakini wanaipakata tu.

Basi mama wa maturubai akaniwekea sheria moja: usiweke kifaa mahali anapokaa mtu. Weka mgongoni kwa siti, weka chini ya siti, weka kwenye mlango kimo cha goti, na mahali pengine popote mwachie binadamu, kwa sababu atakuja. Sheria hiyo ilifuta droo zangu zote tatu kwa mstari mmoja wa kalamu. Lakini ikaleta akili.

Nyuma ya siti tulifunga ubao wa plaiwudi. Shiti moja ni futi 4 kwa 8. Niliomba ya milimita 12 badala ya 18 ili isimalize shubiri yangu. Hatukutumia misumari. Barabara za vumbi za vijijini zina mikunjo inayotikisa gari mpaka meno yako yabadilishane nafasi, na msumari kwenye mtikisiko huo unatoka wenyewe bila kushurutishwa. Tulitumia bolti na nati za kujikaza, tukaweka washa pana upande wa mbao. Juu ya ubao mama alishonea mifuko ya turubai zito, mirefu ya spana, mifupi ya bisibisi, kila mmoja na mdomo wa kukunja ili kifaa kisichungulie nje. Siti ikilazwa mbele, mifuko yote iko wazi. Ikirudishwa, mgongo wa abiria unaifunga. Ndiyo faida pekee niliyowahi kuipata kwa mgongo wa abiria.

Vizito vilikwenda chini ya siti, kwenye sanduku bapa lililofungwa kwenye sakafu. Na hapa nitakuwa na ukali kidogo, maana kuna watu wanatembea na nyundo juu ya dashibodi wakidhani ni urembo. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hiyo hiyo 50 inayotupigisha tochi kila kijiji, kila kilichomo ndani kinakwenda 50. Gari likigonga kitu na kusimama, kifaa kilicholegea hakina habari, kinaendelea na safari. Mwendo huo ni ule ambao kingekuwa nao kama kingeangushwa kutoka mita 10 hivi juu, kimo cha jengo la ghorofa mbili. Spana ya bomba ya inchi 24 ina zaidi ya kilo 4. Simama chini ya ghorofa, mwambie mtu aiachie, halafu uje tuzungumze urembo wa dashibodi. Na mtungi wa kuzimia moto ukiachwa uviringike sakafuni, siku utakapokanyaga breki utaukuta umeshafika chini ya pedali, na moto wenyewe hautakuwepo, utakuwa ni wewe tu na mtungi.

Ndani ya sanduku nilihitaji kitu cha kuvishika vifaa visigongane. Mmarekani ana sponji ngumu ya kuagiza. Mimi nina kandambili. Nyumba yoyote ya Kibaha yenye watoto ina kandambili za kutosha zisizo na wenzi. Nilizikata, nikazigandisha sakafuni mwa sanduku, nikachimba kwa kisu umbo la kila spana. Kandambili haidondoki, haioti kutu, na kelele imepungua kiasi kwamba sasa nasikia kitu kingine kinachogonga kwenye injini, ambacho zamani sikukijua. Kwa vitu virefu tulitumia vipande vya tyubu la tairi. Tyubu lina nguvu, linavutika, na fundi magurudumu atakupa bure ukimsalimia vizuri. Nati na skurubu zilikwenda kwenye makopo madogo yenye vifuniko, na vifuniko vikafungwa kwa skurubu chini ya rafu nyembamba nyuma ya siti, kopo linaning'inia, unazungusha unalitoa.

Gundi ya bomba nayo nilitaka kuiweka humo. Shemeji muuguzi akakataa, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa. Kebini iliyofungwa kwenye jua la saa nane inageuka jiko, na mvuke wa gundi ile, kama wa petroli, unawaka na unalevya. Gundi imehamia kwenye bodi, ndani ya kisanduku chenye matundu. Kama mwizi ataichukua, ataumwa kichwa.

Kazi ilipokwisha nilimpelekea mama mkwe hotipoti yake kule Maneromango. Mkwe ndiye mkaguzi mkuu wa kebini. Kwake yeye huwezi kusema siti ina vifaa. Ukisema hivyo umeshajitoa kwenye ukoo. Alitaka kuja Kibaha kuwaona wajukuu, kwa hiyo alipanda. Alikaa, akajinyoosha, akapapasa pembeni, akageuka nyuma.

"Baba, leo gari lako limekuwa na adabu. Vile vyuma vyako umeviuza?"

"Hapana, mama. Vipo nyuma ya mgongo wako."

Akanyamaza tukapita Msanga. Nikajua anatafakari. Kweli, kufika mbele kidogo akasema, "Basi kama pamepatikana nafasi, simama hapo tuchukue fenesi." Tukachukua fenesi. Kisha mihogo. Kisha kuku wawili waliofungwa miguu, ambao walikaa miguuni kwa mkwe wangu wakanitazama njia nzima. Nikagundua kwamba nafasi ndani ya pikapu haipatikani, inahamishiwa tu umiliki.

Tukiwa tumesharudi Barabara ya Morogoro, trafiki akanyoosha mkono. Nilisimama kwa furaha. Sijawahi kusimamishwa nikiwa na furaha. Zamani zile, afande alikuwa akiniuliza mtungi na pembetatu, namwambia vipo, ila viko chini. Naanza kutoa: kamba, grenda, mwavuli, nazi. Siku moja afande mmoja alinitazama nikihangaika, akasema neno moja tu: "Dereva, kisichofikika hakipo." Akafungua kitabu, shilingi 30,000. Wajapani wana S tano, yule afande alikuwa na sentensi moja, na nadhani alimaliza kila kitu.

Safari hii aliponiuliza, nililaza mgongo wa siti kwa mbwembwe. Ulilala nusu, ukakwama kwenye fenesi.

"Shikamoo mama," afande akamwambia mkwe wangu.

"Marahaba baba. Huyu mkwe wangu ni fundi, ana mifuko mizuri sana nyuma huko, mwache akuonyeshe." Mama akashuka, akashusha fenesi, akashusha kuku, akalaza siti mwenyewe, akamwelekeza afande mtungi, pembetatu na huduma ya kwanza kwa kidole, kimoja kimoja. Afande akacheka, akaturuhusu. Kukipakia tena kila kitu kulichukua muda mrefu kuliko ukaguzi, na sifa zote za mpangilio alizipata mama mkwe.

Kuhusu S ya tatu, Safisha, sina maneno mengi. Vumbi la Kisarawe ni jekundu, linapenya hata mahali ambapo maji hayapenyi, na mwenye kulishinda bado hajazaliwa.

S ya nne ndiyo iliyonipendeza. Mji wetu si mgeni wa utaratibu. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilikuja kuanzisha mradi hapa, ukiwa na shule, kituo cha wakulima na kituo cha afya, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Serikali, ndiyo Shirika la Elimu Kibaha. Kwa hiyo mtu wa Kibaha akitaka mambo yake yakae kwenye mstari, ana historia ya kujitetea. Ukiingia karakana iliyopangwa vizuri popote duniani utaona ubao wenye vivuli: nyuma ya kila kifaa pamechorwa umbo lake kwa rangi, kifaa kikiondoka kivuli kinabaki kinakusuta. Nami nilichora. Kijana wangu wa kazi alishika taa, mimi nikashika brashi, tukapaka kila mfuko na kila shimo umbo la mwenyewe na namba yake. Ringi 17 ina kivuli cha ringi 17. Spana malaya ina kivuli chake, kimefunguliwa mdomo. Mtoto wa chekechea angeweza kurudisha kifaa mahali pake.

Ndiyo maana sasa nina shida mpya, kubwa kuliko ya zamani.

Zamani, jirani akija kuazima spana namba 17, nilimwambia kwa moyo mweupe, "Ipo, jirani, lakini mpaka uitafute." Anachungulia, anaona kamba imelala juu ya grenda, grenda juu ya mwavuli, anasema basi, ataenda kwa mwingine. Ile fujo ilikuwa mlinzi wangu. Haikulala, haikudai mshahara. Leo mtu anafungua mlango, analaza siti, anasoma namba, anachomoa, anafunga, anaondoka, tena ananipungia mkono. Mpangilio wote nilioutengeneza kwa ajili ya fundi mmoja umewarahisishia waazimaji wa kata nzima. Mwingine alinipigia simu nikiwa juu ya kisima Mzenga kuniambia mfuko wa bisibisi ya nyota umelegea uzi, niushone. Anaujuaje?

Nilimlalamikia shemeji. Akaniambia kwa utulivu wa wauguzi, "Shemeji, hiyo ndiyo S ya tano. Kupanga kunaisha jioni moja. Kushikilia hakuishi." Kisha akaazima tesita.

Lakini kuna jambo ambalo waazimaji hawakulipigia hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sasa nina daftari la rangi ya mafuta nyuma ya siti. Zamani kifaa kikipotea nilijua tu kwamba kuna kitu hakipo. Leo nalaza siti nasoma: tesita ipo kwa shemeji, msumeno wa chuma upo kwa mwenyekiti, spana malaya moja ipo kwa mjomba ambaye anasema hajaiona, ingawa bomba lake limeacha kuvuja. Kila kivuli kitupu kina jina la mtu, na majina yote nayajua.

Kwa hiyo nawatangazia ndugu, jamaa, majirani na abiria wote wa njia ya Kibaha hadi Maneromango. Siti nimewaachia, kaeni. Kuku wapakieni, fenesi lisukumeni pembeni kidogo ili nipate kubadili gia. Ila yule aliyechukua ringi spana namba 17 airudishe kabla ya Jumamosi, nina pampu ya kufungua Masaki, na nimeshajaribu: kivuli hakifungui nati.